Perl, Ruby na Simu ya Baba Akinyi

Nakumbuka alasiri moja huko Mashimoni, mwanangu, nimekalia jerikeni la maji ndani ya nyumba ya watu, nasubiri kuonyeshwa ujinga wangu. Lakini hebu nirudi nyuma kidogo. Wewe umenijia na swali la Java na Kotlin, hizo lugha zenu za kompyuta, kama ya zamani itupwe na mpya ishike usukani, na mimi siwezi kukujibu bila kupitia kwenye ile nyumba.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, naishi Kawangware 46, na kichwa kilikuwa kimevimba. Kazi nilikuwa nimepata kwa kliniki moja ndogo Mashimoni, ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu unaowauma mifupa watoto wengi wa kwetu, sisi tuliotoka magharibi na upande wa ziwa. Dawa zilikuwa zinafika siku yoyote tu. Zikifika, kompyuta inawatumia wazazi meseji: dawa zimefika, njooni kesho. Zisizochukuliwa zilipelekwa kliniki nyingine, kwa hivyo ukikosa siku hiyo umekosa.

Programu hiyo aliiandika Mzee Wafula, fundi wa simu aliyestaafu, kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Perl. Perl ilikuwa na heshima yake na nguvu zake, lakini ukifungua kazi ya mtu unakuta alama za dola na mabano, utadhani kuku wamechakura hapo. Mimi nilikuwa nimejifunza Ruby, ambayo ndiyo ilikuwa mpya mjini. Aki Ruby ilisomeka! Ungemsomea mama yako na yeye angeshika nusu.

Mzee Wafula akasafiri Bungoma kumzika shemeji yake, na mimi nikaandika kila kitu upya kwa siku nne. Ningeweza kumpigia nimwulize. Nilijiambia si vizuri kumsumbua mtu akiwa matangani, lakini ukweli ni kwamba niliogopa atakataa. Sasa, ndani ya ile Perl nilikuta meseji inatumwa saa tatu asubuhi, halafu ileile inatumwa tena saa mbili usiku. Nikacheka peke yangu. "Huyu buda alisahau kufuta," nikasema, na ya pili nikaitoa. Sista wa kliniki alivyoona programu inavyokimbia akanisifu mbele ya watu, na mgema akisifiwa, unajua mwenyewe tembo hufanywa nini.

Dawa zikafika, meseji zikaenda asubuhi, na kesho yake wazazi wakaja nusu. Nilisema kwa mdomo wangu huu, "Wazazi wengine ni wazembe. Si walitumiwa?" Siku tisa baadaye Akinyi, msichana wa miaka minne, alibebwa hospitali akipiga mayowe ya maumivu. Dawa zake zilikuwa zimeisha na mama yake hakujua kama nyingine zilikuja zikaenda. Kwa siku tatu hatukujua kama atapona. Sikulala, mwanangu, ingawa bado sikujua kosa ni langu.

Mungu ni mwema, mtoto akarudi nyumbani. Mzee Wafula naye akarudi. Akasoma Ruby yangu yote, polepole, miwani ikiwa puani.

"Hii ni nzuri kuliko yangu," akasema. "Sasa twende kwa Mama Akinyi."

"Kufanya nini, mzee?"

"Kukaa."

Tukakaa kuanzia saa tisa. Mama Akinyi alitupatia chai, akaendelea kufua, mtoto amelala kitandani. Saa kumi na mbili na nusu Baba Akinyi akaingia kutoka mjengo, suruali nyeupe kwa simiti, akatusalimia, akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa simu moja tu ya nyumba nzima.

"Kijana yangu," Mzee Wafula akaniuliza, "simu imefika saa ngapi?"

"Saa hii."

"Na wewe ulituma saa ngapi?"

Woi! Meseji yangu ilimpata Baba Akinyi juu ya jengo, ndoo ya zege begani, akaisoma, na kufikia jioni uchovu umeifuta. Ile ya saa mbili usiku ndiyo ilikuwa ikisomwa na mama. Nilisimama nikasema, "Mama Akinyi, ni mimi. Niliiondoa bila kuuliza. Nisamehe."

Alikung'uta povu mikononi. "Uliza basi," akasema. "Hapa si mbali."

Baba Akinyi akadakia. "Huyu hata hajaoa, simu za watu hulala wapi atajulia wapi?" Tukacheka, na mimi nikacheka huku nafuta macho.

Usiniambie sasa kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Ruby haikutolewa. Nilirudisha meseji ya pili, tena nikaandika pembeni yake sababu, jambo ambalo Mzee Wafula hakuwa amefanya, na yeye mwenyewe akaniomba nimfundishe hiyo Ruby. Akinyi leo ni dada mkubwa, ana cherehani yake pale mtaa wa Olympic, na ananiita mjomba.

Kwa hivyo, mwanangu, chukua Kotlin yako, ni nzuri, inakulinda na makosa mengi ya Java. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kila mstari wa zamani unaotaka kuufuta, tafuta kwanza uliandikiwa nani, na kama aliyeuandika yu hai, mpigie hata akiwa matangani. Lugha mpya haimjui mtu yeyote wa mtaa wako mpaka wewe uijulishe. Mungu akujalie vidole vyepesi, na miguu isiyoona uvivu kwenda kubisha mlango na kuuliza.