Pedali Iliyonyamaza na Mtu Aliyeichagua

Aliyechagua pedali iliyonyamaza kanisani Baraka ni Msaidizi wa Msimamizi wa Teritwari, yaani wilaya kwetu Kongo, mkuu wangu wa wakati ule. Asende, mpiga gitaa wa kwaya, hakuichagua. Naanza na hilo ili kumbukumbu zikae sawa.

Siku yangu ya kwanza katika Huduma ya Utamaduni, Fizi-Centre, Mkuu wa Huduma alinikabidhi gitaa akaniuliza lina kasoro gani. Nikalitazama huku na huku. "We unaangalia rangi," akasema. "Piga kwanza, tusikie." Kazi yetu ilikuwa kukagua vyombo vya okestra na kwaya na kuwashauri wanunuzi. Niliifanya Nundu, kisha Baraka, ambako wakati wa vita umeme ulitoka kwenye jenereta ya ofisi tu, na foni, yaani redio ya mawasiliano, ilihudumiwa kabla ya kitu kingine chochote.

Asende alijifunza gitaa ukimbizini, ng'ambo ya ziwa. Kwaya ilipokubali kumnunulia pedali ya kwanza, alikuja kwangu. Pedali ni kisanduku kinachokanyagwa kwa mguu, kati ya gitaa na amplifaya, ili kubadili sauti. Nilimwambia ninayowaambia ninyi mnaoanza leo: chukueni yenye kazi moja, mkwaruzo au mwangwi, muijue vizuri, kasha liwe la chuma, maana litakanyagwa, ijaribuni kwa gitaa lenu wenyewe, na kabla ya yote, ulizeni inakula umeme gani.

Mchuuzi alituwekea mbili mezani. Ndogo ilikuwa ya mkwaruzo, ikitumia betri ya mraba inayopatikana sokoni. Kubwa ilikuwa na sauti chungu nzima na taa za rangi, lakini ilidai umeme wa ukutani, nayo ikikosa umeme haipitishi sauti hata kidogo. Amplifaya ya kwaya iliendeshwa kwa betri ya gari. Jibu lilikuwa wazi.

Msaidizi akaingia, akaishika ile kubwa. "Hii iko na mataa. Bageni batajua kama Baraka iko na kwaya."

"Mukubwa, mi nataka ile ndogo," Asende akasema. "Hii itakula kuran wapi?" Alimaanisha umeme.

"Kuran ni kazi yangu. We kazi yako ni kupiga."

Nilipinga kwa heshima. Akaniambia ushauri wangu umesikika. Kwa neno lake, kubwa ikanunuliwa.

Jumapili ya kuwapokea waliorudi kutoka ukimbizini, jenereta ililetwa kanisani. Katikati ya wimbo, Msaidizi akaagiza irudishwe ofisini kwa ajili ya foni. Taa za pedali zikazimika, na gitaa likazimika nazo.

Kwa desturi ya kwaya ile, anayekatiza wimbo wa ibada huketi na wasikilizaji hadi mwenye kosa ajitaje mbele ya wanakwaya. Gitaa lililokatika lilikuwa la Asende, basi akaketishwa yeye. Ushahidi wangu kwamba kosa ni la Msaidizi ulipokelewa kwa adabu, lakini shahidi si mwenye kosa. Asende angali kwenye benchi la wasikilizaji, mikono magotini.

Nimestaafu nikiwa na imani na kazi yangu: ushauri ulikuwa sahihi, na ningeutoa tena leo, neno kwa neno. Kuhusu foni sibishani; vita vilikuwa na haki yake. Nabishana na ukimya wa Msaidizi uliofuata.

Kwa hiyo ninamtaka rasmi aliyekuwa Msaidizi, anayeishi Baraka na kusali katika kanisa lilelile, asimame mbele ya kwaya na kutamka kwamba pedali aliichagua yeye na jenereta aliiondoa yeye. Kisha amkabidhi Asende gitaa, kwa mkono wake mwenyewe.