Nilimwaga Majivu ya Bibi

Kosa ni langu, hakuna aliyenisukuma. Nina digrii ya falsafa na najua kujitetea kwa maneno mazuri. Hapa sitajitetea.

Bibi yetu alizaliwa Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani. Alikuja Mombasa na babu, fundi wa injini za meli. Baba yangu na shangazi walizaliwa huko, na baadaye familia nzima ikahamia Durban. Ukimwita Bibi Mjapani, alikusahihisha: "Mimi Muokinawa."

Nimefanana naye macho, nywele, hata miguu mifupi. Tangu shule naitwa Mchina. Nikisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, pale Umbilo, madereva wa taxi wananipigia kelele za karate. Binamu yangu Naomi, mtoto wa shangazi, amechukua sura ya baba yake Mkongomani. Ukimtazama, Okinawa huioni. Kwa hiyo nilijihesabu mrithi. Si mimi niliyekula matusi?

Kando ya jiko Bibi aliweka bakuli jeupe la majivu. Mara mbili kwa mwezi alichoma ubani ndani yake na kumtajia mungu wa jiko majina yetu, mmoja mmoja. Majivu hayo yalianzia jikoni kwa mama yake, Okinawa. Binti akianza nyumba yake, huchota ya mama yake na kuendelea nayo.

"Bibi, hiyo ni kaboni tu," nilikuwa nikimwambia. Naomi alikaa naye akajifunza.

Mwaka wa Kombe la Dunia miguu ya Bibi ilikataa, akaacha kupika. Naomi alikuwa amepata chumba mtaa wa Point. Bibi akatuita mezani.

"Naomi, chukua yote. Yakae karibu na jiko lako."

"Na mimi je, Bibi? Mimi ndiye naitwa Mchina barabarani."

Akacheka. "Wewe utayauliza maswali. Naomi atayawashia ubani."

Masikio yangu yaliwaka moto. Kitu nilichokiita upuuzi, siku ile nilikitaka kuliko digrii yangu.

Naomi alikuwa kazini saluni, nikatumwa mimi kumpelekea. Bibi alikuwa amelala. Nilimwaga majivu yote kwenye sinki, nikafungulia maji. Kisha nikatoka uani, nikachota majivu ya braai, ya makaa tuliyochomea nyama Jumapili. Niliyachekecha ndani ya kopo kwa kichujio cha chai ili Naomi asione punje ya mkaa. Mtu hafanyi hivyo kwa bahati mbaya.

"Asante, dada," Naomi alisema, akipokea kopo kwa mikono miwili. "Iko nzito kuliko nilivyofikiri."

"Majivu ni majivu," nikamjibu.

Bibi alifariki mwaka huohuo. Naomi aliendelea kuwasha ubani miaka mitatu. Binti yake alipozaliwa kabla ya wakati, akakaa wiki kadhaa kwenye mashine hospitalini, Naomi alimwombea mbele ya kopo langu la uongo. Nilijua, nikanyamaza.

Kisha nikapata flati yangu Overport. Naomi akaja na kopo dogo.

"Nimekuletea nusu," alisema. "Bibi alikosea kidogo, dada. Tulikuwa wawili."

Sikulipokea. Nilimwambia yote, pale pale kando ya jiko jipya.

Naomi alilirudisha kopo kifuani. "Mtoto wangu alikuwa kwenye mashine, mimi naomba mbele ya majivu ya nyama?"

Nilitazama sinki.

"Eish, dada. Si ungeniomba tu? Ningekupa."

Aliondoka na kopo lake. Sijui anawasha ubani juu ya nini sasa, wala kama anawasha. Tukikutana misibani ananisalimia kwa adabu, kama mtu aliyeketi kando yake kwenye taxi. Mtoto wake hanijui jina.

Wewe unayecheka mila za kwenu, halafu unaumia zikipewa mwenzako, jiulize maumivu hayo yanatoka wapi kabla hujagusa kitu cha mtu. Mimi niliuliza kila kitu maishani isipokuwa hilo. Sura ya Bibi naiona kila asubuhi kwenye kioo. Moto wa mama yake ulivuka bahari mbili, nikaja kuuzima mimi kwa maji ya bomba.