Mama Damu na Ubao wa Laana

Huyu ndiye Mama Damu, binti wa fundi majeneza, mjukuu wa mkunga aliyezalisha mtaa mzima, mpakaji wa majeraha ya bandia aliyewaua kwa brashi watu wa filamu tano na wote wakaamka wakaenda kula. Damu huichemsha mwenyewe kwa sukari na rangi, kisha huilamba kidoleni kuona kama imekolea. Akimpaka mtu kidonda, humpuliza shavuni polepole kama anayepoza uji wa mtoto.

Siku hiyo walipiga filamu ya marafiki wanaocheza mchezo wa ubao wenye laana: anayerusha dadu hufa. Binti mwigizaji akarusha, akainuka, akateguka mguu kweli. Wenzake wakarudi nyuma mpaka ukutani, mmoja akapiga kelele: “Huo ubao siugusi tena!” Mwongozaji akashika kichwa, maana kamera ilikuwa ya kuazima na kesho inarudi kwa mwenyewe. Mama Damu akacheka kwa ile sauti yake ya mkwaruzo. “Laana gani, wanangu? Ubao nimeuchora mimi, kwa rangi iliyobaki ya mlango wa choo!” “Lakini bibi, mguu…” binti akaanza. “Mguu umenasa kwenye waya.” Akaketi, akarusha dadu, akarusha tena, akaupiga ubao kofi. “Haya, njoo! Nimezika waume wawili sijakimbia, nitakimbia kipande cha mbao?” Hakikutokea kitu, hata bati la paa halikulia. Akamwekea binti dadu kiganjani, akamfumba vidole kimoja kimoja. “Utacheza umekaa. Rusha. Na huo woga usiumwage bure, mwanangu. Umwage mbele ya kamera.”