Modemu Iliyoombewa

Mama alikuwa anapoteza macho kwa presha ya macho, na daktari alisema wazi kwamba kinachozimika hakiwaki tena. Alitaka jambo moja tu: auone uso wa ndugu yangu, kitinda mimba wake, aliyekwenda Amerika na hajawahi kurudi. Simu ya mama pale kijijini Githongo ilikuwa inakwamakwama ikifika kwenye picha, basi tukakubaliana aingiziwe intaneti ya waya nyumbani.

Ndugu yangu alipopata habari alituma modemu kwa mkono wa mgeni. Kwetu kitu cha majuu hakipokelewi hivi hivi. Kina mama wa kanisa walikuja, wakanywa chai, wakaiombea, na mama akaiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa cha kufuma. Nami nilisimama pale nikiitikia amina kwa ajili ya modemu.

Fundi wa kampuni alipokuja aliigeuza nyuma, akaona tundu la skrubu.

"Shosho, hii ni ya waya ya kebo. Sisi huku tunaleta fiber. Haiwezi shika, hata ukiiombea. Wacha niweke yetu, hiyo inakuja tu na laini."

"Kijana yangu ni mtu amesoma," mama akamjibu. "Hawezi nitumia kitu mbovu. Enda ulete waya ingine."

Fundi alikunja waya wake akaenda.

Nilirudi kwangu Majimbo, Embu, nikampigia ndugu yangu. Akacheka. "Hiyo nilikuwa naitupa, bro. Nikaona nyinyi huko mtaipatia kazi." Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hawakumjua huyu wa kwetu. Nilimchukia siku ile na sijaacha. Nilipomweleza mama, aliniambia wivu utaniua, kwamba mwenzangu anatuma mitambo na mimi naleta unga na dawa za macho.

Kahawa ilichumwa ikaisha. Mama akaanza kupapasa meza akitafuta kikombe. Ndipo akakubali modemu ya kampuni, kwa sharti kwamba ile ya mwanawe isitolewe kabatini.

Intaneti ilishika siku hiyo hiyo. Nikampigia ndugu yangu kwa video na kumshikia mama simu mbele ya uso. Upande wa ndugu yangu kioo kilikuwa cheusi tupu. Kabla sijasema neno, mama alishasikia sauti yake, akainua mkono akampungia. Akamwambia kwa Kimeru kwamba anamwona vizuri, na kwamba amenona.

Ndugu yangu akacheka. "Lakini mami, sijawasha kamera. Niko job."

Mkono wa mama ulibaki juu kidogo, kisha ukashuka mapajani. Akaniuliza kama ile modemu ya mwanawe imefunikwa vizuri, isije ikaingia vumbi.