Jina la Pili Kwenye Kibali

Nilitoka hapa Louisville, jimbo la Kentucky, kwenda Buffalo, jimbo la New York, kuwinda kulungu na kaka yangu Onesmo kwa sababu aliniahidi. Nyinyi mliobaki Kigoma mnajua ahadi hiyo ilitoka wapi, lakini watoto wenu hawajui, basi niieleze. Kwenye kambi ya wakimbizi tulikatazwa kuvuka mpaka wa kambi. Onesmo alitega porini, nje ya mpaka, akanituma nikachukue nyama, nikakamatwa mimi. Nilipigwa hadi nikakojoa damu. Waliniuliza mtego ni wa nani, nikasema ni wangu, maana wiki ile Onesmo alikuwa na mahojiano ya kuja Amerika na kesi ingemharibia. Akaja. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, iko siku tutawinda kwa haki, mimi na wewe."

Mwezi wa saba mwaka 2015 alinipigia simu, ameshinda kura. Huku kuna mapori ya serikali yaliyofungwa, huingii ila jina lako litoke kwenye kura ya bahati nasibu. Ukishinda unapewa siku mbili na unaruhusiwa kwenda na mwenzako mmoja, ambaye jina lake liko kwenye kibali. "Nimekuandika," aliniambia.

Nikaanza mipango. Kozi ya usalama wa bunduki niliifeli mara ya kwanza, Kiingereza chao kinakimbia mno, nikarudia nikapita. Nilikata leseni ya uwindaji ya New York, nikanunua kizibao cha rangi ya chungwa na bunduki iliyokwishatumika. Ramani ya pori niliibandika juu ya kitanda, hapa nyumbani kwetu, mtaa wa Newburg, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeoa kulungu. Ghalani ninakofanya kazi nilikubali kila Jumapili waliyonipa, ili mwezi wa kumi na moja waniachie siku nne.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, niliondoka. Saa tatu nilikuwa Columbus, mtaa wa Clintonville, kwa shangazi yetu Domitila, anayehudumia wazee. Alikuwa ametoka kazini, macho mekundu, lakini alinipikia ugali na mchicha wa lengalenga na kunisimamia mpaka nikamaliza.

"Ukifika," alisema akiwa ameniinamia na bakuli, "ongea na kaka yako kabla hujashusha mizigo."

Nilidhani ananifundisha adabu. Nikamjibu ndiyo shangazi, nikaendelea na safari.

Baada ya Cleveland theluji ilianza, na kuanzia Erie nilikuwa nafuata taa nyekundu za lori la mbele tu. Nilifika Kenmore saa kumi na moja jioni, vidole vimekufa ganzi, roho kunjufu. Hapo ndipo Onesmo anapoishi, kaskazini kidogo ya Buffalo. Mkewe, Furaha, ni Mkongo wa Uvira. Alinifungulia mlango akanipokea vizuri, ila hakuniangalia usoni.

"Karibu shemeji. Bon, mukule kwanza. Donc, ile habari mutaongea nyuma."

"Habari gani?"

Onesmo alikuwa amekaa mezani. Alisukuma kibali mbele yangu. Jina la kwanza lake. La pili lilikuwa la Rick, msimamizi wake kiwandani.

"Nilikuandika kweli," alisema. "Nilibadilisha mwezi wa kumi. Rick ndiye anayepanga zamu, Eliya. Wanapunguza watu. Alisikia nina kibali, akaomba. Ningemkatalia vipi?"

"Na mimi ulinikatalia vipi?"

"Wewe ni ndugu yangu. Nilijua utanielewa."

Nilikaa nikiitazama ile karatasi. Pale kambini walinichapa wakitaka jina lake tu, na sikulitaja. Yeye hakuna aliyemchapa. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, na Furaha akainuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

"Basi ungeniambia nisije."

"Ningekwambiaje kwa simu?"

Ijumaa waliondoka na gari la Rick kabla ya jua. Leseni yangu ingeniruhusu kwenda kwenye mapori ya wazi, lakini sikuendesha gari kutwa nzima kwa ajili ya kulungu. Saa tisa alasiri walirudi na dume mmoja. Rick alinipa mkono akacheka, akaniambia ameambiwa kwamba mimi sipendi baridi. Mtu wa watu, masikini, hakujua lolote. Onesmo alitazama chini. Kisha akaniomba nimchune yule mnyama, kwa kuwa yeye hajui kisu kama mimi. Nikamchuna. Nyama haina kosa.

Jumamosi nilirudi. Columbus nilimwachia shangazi paja nililopewa. Aliliweka kwenye friji akaufunga mlango taratibu.

"Fadhila ya punda ni mateke," alisema. "Kaka yako alinipigia wiki mbili kabla, nikamwambia akuambie mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia usingekwenda. Mngezeeka hamjaonana."

Labda anasema kweli. Lakini barabara nzima mpaka Louisville nilimkasirikia na yeye, mama wa watu aliyenipikia bila hata kulala.

Nilichojifunza nawaandikia bila kupamba. Mtu akikuambia wewe utaelewa, jua ameshakupanga nyuma ya wale wasioelewa. Wa nje anaogopwa, ndugu anaombwa radhi.

Mwaka huu nimeomba kura mwenyewe, hapa hapa Kentucky, nami nimeshinda. Onesmo amepiga simu mara tatu, amesikia kwa shangazi, anasema atakuja hata kwa basi. Sijamjibu. Nafasi ya jina la pili bado iko wazi, na mwisho wa kuijaza ni kesho. Mke wangu anadhani namkomoa kaka yangu. Simkomoi. Nimeshika kalamu tangu nitoke kazini nikimtafuta mtu mwingine wa kumwandika, na sina.