Mjomba Aliyetaka Moyo Mmoja

Mjomba wangu Mwinjuma alikuwa na chungu kimoja, shuka moja, jembe moja na mke mmoja, na mke alipofariki hakutafuta mwingine. Watu wa kwetu, upande wa Mzenga, walimwita Bwana Mojamoja. Watu wa misheni walimpa baiskeli ili atembelee vijiji, akairudisha kabla mwezi haujaisha. Alisema ameanza kuamka usingizini kuitazama kama ipo, na moyo wa mtu hauwezi kulala mahali pawili. Sisi tuliokuwa tunatembea kwa miguu tulimwona mwehu, maana ile baiskeli ilikuwa nzuri.

Ukoo wetu wote ni Waislamu tangu babu wa babu. Yeye aliondoka nyumbani kijana, miaka ya mwanzo ya utawala wa Mwingereza, kwenda kutafuta kazi ya useremala, akarudi na msumeno na dini. Alibatizwa Natanaeli. Tangu hapo ukimwita Mwinjuma haitiki, hata kama nyumba inaungua. Mama yangu, Mwanamkuu, dada yake mkubwa, alimwita Mwinjuma makusudi mara tatu, kisha akasema, "Haya, wewe mtu wa Wazungu, njoo ule." Ndipo akaja, anacheka. Walipendana sana wale, dini haikuwagombanisha hata siku moja.

Alijenga kanisa la udongo kwenye kilima, mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Waumini wake walikuwa tisa, na saba kati yao walivaa hirizi chini ya shati. Yeye alijua. Hakuwagombeza. Akiwa katikati ya mahubiri alifungua vifungo vyake na kuwaonyesha kifua kitupu, kisha akaendelea kusoma. Alisema Mkristo wa nusu ni kama chungu chenye ufa, jikoni kinapendeza lakini usikitie maji. Alitaka mtu awe yuleyule Jumapili na Jumatatu, shambani na mezani, mdomoni na moyoni. Mimi, Muislamu, nilipenda kumsikiliza kuliko hao tisa.

Sasa kwetu sisi mjomba ndiye mwenye watoto. Baba ni mgeni wa heshima, lakini neno la mwisho ni la kaka yake mama. Kwa hiyo alipomwomba mama ampe dada yangu Mwanaamina akasome kwake, mama hakuweza kukataa. Mwanaamina alikaa kilimani miaka minne. Alijua kusoma kuliko wavulana wote, akaimba, akafundisha wadogo. Mjomba hakuwa na mtoto wa kumzaa, na mapenzi yake yote akayaweka pale. Alimchagulia jina la ubatizo, Debora, mwaka mzima kabla ya siku yenyewe. Gauni jeupe akalishona kwa mkono wake mwenyewe, na kweli lilionekana limeshonwa na seremala.

Wiki tatu kabla ya ubatizo Mwanaamina alirudi nyumbani. Alisema anamtaka Twalibu, fundi cherehani wa Mzenga, na kwamba atabaki katika dini ya mama yake. Mjomba aliitwa. Sote tulijua patachimbika. Lakini yeye alikaa kwenye kigoda, akasikiliza, akasema, "Ni hiari yake. Mungu hamvuti mtu kwa kamba." Akanyanyuka, akaenda zake. Wazee walimsifu wiki nzima, wakasema huyu ndiye muungwana.

Harusini hakuja. Fungu la mjomba katika mahari alilirudisha, akasema dini yake haimruhusu. Na tangu siku ile hakulitaja tena jina la Mwanaamina. Alisema "yule binti", au "mke wa fundi". Nadhani ni mimi peke yangu niliyeliona hilo, kwa sababu nina tabia mbaya ya kuyashika makosa ya watu. Nililiona, nikanyamaza.

Mwaka wa pili wa ndoa, masika ya 1938, Mwanaamina alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Mimi nilikuwa mdogo wake, lakini kwa sababu ya ule usomi wake nilikuwa nimemtangulia kuolewa na kuzaa, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia chumbani. Uchungu ulianza Jumatano alfajiri. Alhamisi asubuhi mtoto alikuwa hajasogea. Twalibu alikwenda kutafuta vijana wa kumbeba kitandani hadi hospitali ya Kisarawe. Walitangulia mtoni na kitanda kuangalia kivuko kabla ya kumbeba, wakakuta maji yamefunika njia yote, yanabeba magogo. Wakarudi na kitanda kitupu.

Mkunga, Bi Sikuzani, akatoka uani akasema sasa watu waseme. Hiyo ni desturi yetu ya zamani, ya kabla ya misikiti na makanisa. Mwanamke akikwama katika kuzaa, ndugu wanaitwa mmoja mmoja. Mwenye kinyongo naye anakitoa. Anasema alichokasirikia, anasema amekwisha kusamehe, anatia maji mdomoni na kuyapuliza mlangoni pa mzazi. Twalibu alisema, akapuliza. Mama mkwe alisema mambo ambayo heri asingeyasema, akapuliza. Mama yangu naye akapuliza. Bi Sikuzani akatutazama.

"Mjomba wake yuko wapi?"

Nilikwenda mimi mwenyewe, mbio, matope hadi magotini. Nilimkuta anapalilia mihogo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Mama anakuita. Mwanaamina amekwama tangu jana. Uje useme."

Aliliacha jembe palepale kwenye tuta. Hakunawa hata mikono. Njia nzima alinitangulia, mtu mwenye umri ule, na mimi nilikuwa na furaha. Nilisema moyoni, huyu anampenda, atasema, mtoto atatoka.

Uani bakuli lilikuwa tayari. Mjomba aliliona akasimama. Nilimwona anavyobadilika uso.

"Dada," alimwambia mama, "kinyongo mimi sina. Lakini maji sipulizi. Nikipuliza leo, kesho mtasema ni maji na mizimu iliyomsaidia. Miaka kumi na tano nawaambia watu wasiwe na mioyo miwili. Leo niwe nayo mimi?"

Bi Sikuzani akapiga kelele kwamba mtu anakufa humu ndani. Mama akamnyamazisha kwa mkono. Kisha akachukua lile bakuli, akalimwaga chini mbele ya watu wote.

"Haya, maji hayapo. Mizimu haipo. Simama hapo mlangoni umwambie mwanao huna neno naye. Akusikie tu, Natanaeli."

Lilikuwa jina ambalo mama hakuwahi kumwita. Nakwambia, hakuna kitu pale cha kumzuia Mkristo, wala Muislamu, wala mpagani. Alitakiwa maneno matatu tu.

Mjomba alifungua mdomo. Akaufunga. Akasema, "Nitamwomba Mungu. Ndiye mwenye kuzalisha." Akapiga magoti matopeni, akaomba kwa sauti kuu, muda mrefu. Aliomba kwa ajili ya wagonjwa wote, wajane, wasafiri waliozuiwa na mto. Alimwomba Mungu amrehemu mtumishi wake huyu aliye katika dhiki. Mimi nilikuwa nimerudi ndani, nimemshika dada yangu mgongo, na sote wawili tulikuwa tunasikiliza kitu kimoja.

"Biubwa," aliniambia, pumzi imekatika, "amenitaja?"

"Amekutaja."

"Muongo wewe."

Hakunikasirikia. Aligeuza uso ukutani. Alikufa kabla ya adhana ya alasiri, na mtoto tumboni mwake. Mjomba alikuwa bado amepiga magoti.

Simwambii mtu kwamba maneno yangemwokoa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, Bi Sikuzani mwenyewe alinieleza baadaye, na mto ulikuwa umejaa. Mimi si mjinga. Lakini dada yangu alikufa anajua kwamba mtu aliyemlea hakumsamehe, na hilo halikuletwa na mto.

Siku ya arobaini, kisomo kimekwisha na watu wanakula, mjomba alitokea. Alisimama pembeni mpaka mama akamwona.

"Dada, nilikuwa nacho," alisema. "Kinyongo. Nilikuwa nacho tangu siku ile ya kigoda. Niliona ni wivu kwa ajili ya Mungu, kumbe ni wangu tu. Pale mlangoni nilitafuta neno la kumwambia nikakuta halipo, na kusema uongo sikuweza. Nikaona haya, nikajificha kwenye maombi."

Kila mtu aliacha kutafuna. Mama akasema taratibu, "Maji yakimwagika hayazoleki, Mwinjuma."

Safari hii aliitika jina lile. Alisema, "Naam, dada." Mama hakumwambia neno jingine, siku hiyo wala nyingine, na alikufa miaka mitatu baadaye bila kumwambia.

Mjomba alikwenda misheni akamweleza mchungaji yote. Nasikia mchungaji alimwambia Mungu amemsamehe, arudi kilimani akafundishe. Akajibu, "Hilo naliamini. Lakini niliyemnyima si Mungu." Alisema kinachomtesa zaidi ni kwamba Injili yenyewe ilimtaka aache sadaka yake akapatane kwanza na ndugu, na siku ile desturi ya wazee na Injili zilimwomba kitu kimoja, naye akazikataa zote mbili, akijisifu kwamba hana mioyo miwili. Hakusimama tena mbele ya watu. Wale tisa wakatawanyika, na hirizi zao. Mchwa wakala kuta za kanisa, mvua ikamalizia.

Unaweza kufikiri mtu aliyevunjika hivyo ndipo anapopata ile amani anayoitafuta. Wahubiri wanapenda kusimulia hivyo. Mimi nilimwona kwa macho yangu miaka kumi na sita na sikuiona hiyo amani. Alizidi kupunguza vitu. Aliacha chumvi, akaacha kitanda, msumeno akampa mtu. Kila alichokiacha kilimwacha palepale alipokuwa. Alisali alfajiri na jioni, peke yake, na akimaliza alikuwa na uso wa mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo na mwenyewe.

Mwaka 1954 alikuja kwangu Sofu, upande wa Kibaha, ambako mume wangu Hemedi alikuwa na shamba la mikorosho. Alikuja kwa miguu, mgonjwa wa kifua, na kifurushi kidogo mkononi. Hemedi, mtu mwema, alimpa chumba cha uani. Nilimpikia uji, nilimfulia shuka yake, nilimkanda kifua kwa mafuta. Majirani walisema Biubwa ana moyo wa dhahabu. Waache waseme.

Asubuhi moja, nimemletea uji, aliniambia niketi.

"Mwanangu, mama yako nilimkosa. Dada yako nilimkosa. Umebaki wewe. Una neno nami?"

Nilikuwa nimeshika kata, nikaiweka chini. Nilimtazama yule mzee, mbavu zinahesabika, macho yanangoja. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Nikasema, "Sina neno nawe mjomba. Nimekusamehe zamani."

Alinitazama muda mrefu. Wala hakuwa na hasira.

"Ahsante, Biubwa," alisema. "Umenihurumia. Sasa uji upoe kidogo, na wewe nenda kapumzike. Siku utakapokuwa nalo kweli neno la kunisamehe, njoo unipe. Nitangoja."

Nilitoka nikalia nyuma ya jiko mpaka Hemedi akaja kuuliza kuna nini. Nililitafuta neno lile. Wallahi nililitafuta, nikitwanga, nikichota maji, nikiwa juu ya mswala. Kila nikilikaribia namwona dada yangu anageuza uso ukutani. Kila asubuhi nilimpelekea uji, naye aliniangalia mara moja tu, usoni, kisha akapokea bakuli. Hakuniuliza tena.

Alingoja siku hamsini na tatu. Siku ya hamsini na nne nilisukuma mlango na uji mkononi, nikamkuta ameelekeza uso mlangoni, macho wazi, amekwisha kuwa baridi, na mimi bado sikuwa nalo.