Mzee wa Chaji

Mzee anayechajisha simu pale Bugarama hasomi ujumbe wa mtu kabla hajafuta kioo kwa pindo la shati, tena husoma kwa kunong'ona ili waliokaa benchini wasisikie. Bernadina hajui kusoma, kwa hiyo humpelekea simu na kumsogelea kama anayeungama. Wanawe watatu wako machimboni, na mzee huwatambua hata wasipojitaja: kitinda mimba hulalamika, wa kati hamalizi bila sala, na Mabula, mkubwa wao, huulizia ng'ombe kabla ya watu.

Wiki jana duara, shimo alimokuwa akichimba Mabula, liliporomoka, na simu yake ikawa haipatikani. Siku ya tatu ukaingia ujumbe kwa namba ngeni, hauna jina. Mzee akafuta kioo mara mbili.

"Shikamoo mama. Yule ndama mwekundu ameanza kunyonya? Nimeazima simu, msihangaike."

Mzee akainua macho kutoka kwenye kioo. "Mama Mabula, nani mwingine angemtanguliza ndama?"

Bernadina akaketi palepale vumbini. "Wabeja, baba. Asante. Nisomee tena."

Akasoma tena, safari hii kwa sauti, benchi zima lisikie.